Charlotte, Dahlonega, New Orleans au Carson City: hela ikitosha sarafu moja tu ya dhahabu ya Marekani ya karne ya 19, uchukue ya kiwanda gani?

Tangu dhahabu ianze kupaa watu wengi wameamka na sarafu za zamani, hasa sisi tulioko huku Marekani ambako hizi vitu vinauzwa kila kona, na swali linalorudi ni lile lile, nichukue ya kiwanda gani, yani iliyopigwa kwenye kiwanda cha serikali cha mji gani. Nitajibu kabisa mwanzoni alafu maelezo yafuate, maana najua wengine hamsomi mpaka chini. Ukitaka sarafu moja tu ya kukaa nayo, chukua dola 5 ya Dahlonega iliyochakaa kiasi ila haijawahi kusuguliwa. Ukitaka dhahabu nyingi mkononi na bado iwe kitu adimu, dola 10 ya New Orleans. Ukiwa ni mtu ambaye unajijua, siku mambo yakikaza utauza, basi Carson City ndo inaondoka haraka kuliko zote. Charlotte namwachia mtu mvumilivu anayependa kuwinda, na nitaeleza kwanini.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu mali zenyewe. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na dhahabu za dola 1, dola 2 na nusu, dola 3, dola 5, dola 10 na dola 20. Tangu 1837 kiwango chake ni 900 kwenye 1000, yani karati 21.6 hivi. Dola 20 ina gramu 33.4, dola 10 gramu 16.7, dola 5 gramu 8.36, dola 2 na nusu gramu 4.18, na ile ya dola moja ni gramu 1.67 tu, ikidondoka kwenye zulia utapiga magoti na tochi. Zikariri hizo gramu kwasababu ndo zinakupa bei ya chini kabisa ya sarafu, ile ambayo hata sonara asiyejua historia yoyote atakulipa.

Kiwanda mama kilikuwa Philadelphia na chenyewe hakikuweka herufi ya kujitambulisha kwenye sarafu zake za dhahabu. Matawi matatu ya kusini yalizaliwa na sheria moja ya Machi 1835 na yote yakaanza kazi 1838, Charlotte kule North Carolina herufi yake C, Dahlonega Georgia herufi D, New Orleans Louisiana herufi O. San Francisco ikaja 1854 na S yake, Carson City Nevada ikaja 1870, hiyo ndo pekee yenye herufi mbili, CC. Angalizo dogo hapa maana nimeona watu wakipigwa: D ya kuanzia 1906 ni Denver, haina uhusiano wowote na Dahlonega ambayo ilishafungwa tangu 1861. Mtu akikuonyesha D ya 1910 akakwambia ni dhahabu adimu ya Georgia, mshukuru na uondoke.

Sasa kitu ambacho kinawachanganya karibu wote wanaoanza ni idadi zilizopigwa. Unafungua kitabu unaona sarafu flani zilitoka 2,000 tu unasema hii lazima iwe ghali kuliko ile iliyotoka 17,000. Haiko hivyo kabisa. Dola 5 ya mwaka 1822 zilipigwa 17,796, leo zinajulikana tatu tu duniani, mbili ziko makumbusho ya Smithsonian haziuzwi milele, na ya tatu ilipigwa mnada 2021 ikaenda kwa dola milioni 8.4. Kilichotokea ni kwamba kabla ya 1834 dhahabu iliyokuwa ndani ya sarafu ilikuwa na thamani kuliko dola tano zilizoandikwa, kwahiyo wafanyabiashara walizibeba wakaziyeyusha, wengine walizisafirisha Ulaya zikayeyushwa huko, mpaka Bunge lilipopunguza uzito mwaka huo wa 1834 ndo sarafu zikaanza kukaa mitaani. Upande wa pili chukua dola 10 ya New Orleans ya 1883, zilipigwa 800 tu. Mia nane! Na bado bei yake haisogelei hata kivuli cha ile ya 1822. Kwahiyo unapolinganisha uliza vitu viwili, zimebaki ngapi na zinatafutwa na watu wangapi. Hicho cha pili watu wanakisahau, na ndo kinachotenganisha viwanda hivi vinne kuliko kitu kingine chochote.

Charlotte na Dahlonega lazima uziweke mezani pamoja, ni kama watoto pacha, zilifunguliwa mwaka mmoja zikafungwa mwaka mmoja, zote mbili zilipiga dhahabu tupu hakuna fedha hakuna shaba, na sababu ya kuwepo kwake ni ile ile, dhahabu ya milimani ilikuwa mbali na Philadelphia na njia zilikuwa mbovu na za hatari. Watu wengi wanadhani dhahabu ya Marekani ilianzia California, hapana. 1799 kijana wa miaka 12 anaitwa Conrad Reed aliokota jiwe kwenye kijito huko Cabarrus, North Carolina, jiwe la ratili 17, familia ikalitumia kuzuia mlango miaka mitatu, alafu baba yake akaliuza kwa sonara kwa dola 3 na nusu. Baadae ndo wakaja kujua walichouza. Georgia nayo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1820, watu wakavamia milima ambayo ilikuwa ardhi ya Wacherokee, serikali ya jimbo ikagawa viwanja vya dhahabu kwa bahati nasibu 1832, na mwaka ule ule wa 1838 Dahlonega inapiga sarafu zake za kwanza ndo Wacherokee walikuwa wanaswagwa na wanajeshi kwenda magharibi, maelfu wakafia njiani. Na kati ya waliochimba, Georgia na North Carolina zote, walikuwemo watumwa weusi wengi. John C. Calhoun, yule aliyekuwa makamu wa rais na mtetezi mkubwa wa utumwa, alikuwa na mgodi wake hapo Dahlonega na watumwa ndo waliokuwa wanaushughulikia. Wauzaji hawaandiki haya kwenye matangazo yao. Mimi naona mtu mweusi akiishika hiyo sarafu ana haki ya kujua ameshika nini, na kwangu ni sababu mojawapo ya kuitaka, wengine wataona ni sababu ya kuikimbia, hapo kila mtu na moyo wake.

Turudi kwenye kuchagua. Kwa wingi hazijaachana sana, Charlotte ilitoa dhahabu ya dola milioni 5 na kidogo kwa maisha yake yote, Dahlonega zaidi ya milioni 6. Charlotte iliungua moto Julai 1844 ikakaa bila kupiga chochote mpaka 1846, kwahiyo hakuna C ya 1845, ukiiona ni feki moja kwa moja bila hata kuipima. Aina ni zile zile, dola 1, dola 2 na nusu na dola 5, ila Dahlonega ina nyongeza ya dola 3 ya mwaka 1854 peke yake, zilipigwa 1,120, na hiyo kila anayekusanya dola 3 au anayekusanya Dahlonega anaitaka, sasa hesabu mwenyewe bei inakuwaje.

Tofauti kubwa iko kwenye sura. Charlotte ina sifa mbaya ya vipande vya dhahabu vilivyotayarishwa vibaya, unakuta uso una mikwaruzo na vishimo vya tangu kiwandani, sehemu nyingine mchoro haujatokea vizuri, nywele za Liberty (yule mwanamke wa kwenye sarafu) zimefifia, miguu ya tai haipo, na mtu asiyejua anasema imechakaa kumbe ilizaliwa hivyo. Dahlonega nayo ina madudu yake, zile dola 2 na nusu za 1855 na 1856 zinatisha kwa ufifi (hiyo ya 1856 zilipigwa 874 tu), lakini kwa dola 5 za miaka ya 1840 na mwanzo wa 1850 unaweza kupata kitu kinachosomeka vizuri na rangi yake ni ya kipekee, dhahabu ya kule ilikuwa na fedha ya asili ndani yake kwahiyo baadhi zina ukijani flani hivi ambao ukishauzoea utautambua hata kwenye picha. Ndo maana nasema Charlotte ni ya mvumilivu. Itabidi upitie nyingi mbovu ndo uikute nzuri, na ukiikuta nzuri muuzaji nae anajua ni nzuri.

Kwa bei zinatembea karibu karibu, ila Dahlonega kwa ujumla ina wateja wengi zaidi hasa watu wa Georgia wenyewe, na ukitaka kuuza hutakaa nayo muda mrefu. Sisi tulio Atlanta Dahlonega ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, unaenda asubuhi unarudi jioni, jengo lenyewe la kiwanda liliungua 1878 na chuo kikajengwa juu ya msingi wake, leo mnara wake umepakwa dhahabu ya huko huko. Jengo la Charlotte lilinusurika kimiujiza, lilitaka kubomolewa miaka ya 1930 watu wakalibomoa kwa utaratibu wakalihamisha wakalijenga upya, tangu 1936 ni makumbusho ya sanaa. Ukiwa unaishi North Carolina basi ushauri wangu wote juu ya Dahlonega ugeuze, chukua ya nyumbani kwako, kukusanya kitu ambacho unaweza kwenda kukitembelea kuna raha yake.

Alafu kuna 1861. Vita ya wenyewe kwa wenyewe inaanza, majimbo ya kusini yanajitenga yanateka viwanda vyote vitatu. Charlotte dola 5 za mwaka huo zilikuwa 6,879 na kati ya hizo 887 zilipigwa chini ya waasi. Dahlonega ndo kiboko, dola moja ya 1861 yenye D yote ilipigwa na waasi, hakuna hata kumbukumbu ya zilipigwa ngapi, walitumia tu vifaa walivyovikuta. Alama yake ni kwamba herufi U ya neno UNITED imefifia sana au haipo kabisa kwasababu upande huo walitumia muhuri ule ule wa kupigia sarafu wa 1860. Ukitangaziwa 1861-D yenye U safi nzito, usitoe hata senti. Ni sarafu ya ndoto, hela yake ni ya mtu aliyeshamaliza kulipa nyumba, naiweka hapa ili ujue kwanini jina la Dahlonega lina uzito mkubwa sokoni wakati sarafu zenyewe ni ndogo ndogo.

New Orleans ni habari nyingine kabisa. Hii ilikuwa bandari, mji wa biashara ya pamba, dhahabu ilikuja kutoka Mexico na Amerika ya kusini na baadae California, na kiwanda kilipiga kila aina, dola 1 mpaka dola 20, pamoja na fedha. Kilifungwa 1861, kikafunguliwa tena 1879, kikaendelea mpaka 1909, na jengo bado limesimama pale pale, ukienda leo utakuta makumbusho ya jazz. Kwasababu kilipiga sana, watu wana mawazo kwamba O ni ya kawaida, na hapo ndo kwenye nafasi yako.

Angalia dola 10. Ya 1847 zilipigwa 571,500, ipo, inapatikana, inauzwa juu kidogo tu ya dhahabu yake ikiwa imechakaa. Lakini ukitoka hapo ukaingia kwenye miaka mingine unakuta 1841 zilipigwa 2,500, zile za miaka ya 1850 nyingi ni kati ya elfu kumi na kitu na elfu hamsini na kitu, na za 1879 mpaka 1883 usiseme, na kwa kila sarafu unapata gramu 16.7 za dhahabu chini ya miguu yako. Yani hata soko la wakusanyaji likilala, una sakafu. Dola 5 ya Dahlonega ina gramu 8.36 na sehemu kubwa ya hela uliyotoa ni kwa ajili ya herufi D, soko likilala unabaki na herufi. Kwanini sasa zisipande bei kama Dahlonega? Kwasababu anayetaka kukusanya dola 10 zote za New Orleans anahitaji mkwanja mrefu, kwahiyo watu ni wachache, na watu wakiwa wachache bei inatulia. Mimi hiyo siioni kama kasoro, nanunua kilichotulia. Ila usitegemee kuuza wiki moja.

Dola 20 za O ni balaa, za 1854 zilipigwa 3,250 na 1856 zilipigwa 2,250, 1879 ambayo ni ya mwisho na pekee baada ya vita ni 2,325, hizo tuwaachie wenyewe. Ile ya 1861 ndo ina kisa kizuri maana mwaka mmoja serikali tatu tofauti zilipiga sarafu ile ile, 5,000 za Marekani, 9,750 za jimbo la Louisiana likiwa limejitenga peke yake, na 2,991 za waasi wote kwa pamoja, jumla 17,741. Watu wanagombana mpaka leo ipi ni ipi.

Haya Carson City. Hapa hadithi inabadilika, tunatoka kusini ya pamba tunaenda jangwani. Madini ya fedha yaligunduliwa Comstock, huko huko Nevada, 1859, mji ukaota, kiwanda kikafunguliwa 1870, kikapiga dhahabu za dola 5, 10 na 20 peke yake, kikasimama 1885, kikarudi 1889, kikaacha kabisa 1893. Jengo ni makumbusho ya jimbo la Nevada na mashine ya kwanza bado wanaiwasha. CC inatafutwa na kila mtu, anayekusanya dhahabu, anayekusanya fedha, anayependa sinema za kauboi, wazee waliostaafu, mtu ambaye hana hata mpango wa kukusanya anataka tu moja ya CC. Ndo maana nasema inauzika. Ukiwa na CC kwenye mfuko leo, kesho imepata mtu.

Lakini lipa ukijua unalipia nini. Dola 20 ya 1876 zilipigwa 138,441, ya 1890 zilipigwa 91,209, hizo sio adimu kwa maana halisi, zipo kwenye kila mnada mkubwa, unalipa juu ya dhahabu kwasababu ya zile C mbili. Dola 5 ya 1891 zilipigwa 208,000 na ndo mlango wa bei nafuu wa kuingilia Carson City, nzuri, inang'aa, imepigwa vizuri tofauti na zile za Charlotte, kama unamnunulia mtu zawadi au unataka tu kuanza, chukua hiyo usiumize kichwa. Adimu za kweli ni za mwanzoni, dola 20 ya 1870 zilipigwa 3,789 na zilizobaki nyingi zimechakaa vibaya kwasababu zilifanya kazi kweli kweli huko migodini. Au dola 10 ya 1879, zilipigwa 1,762.

Hatari ya Carson City ambayo haisemwi sana ni Ulaya. Dola 20 na dola 10 zilikuwa hela ya kulipana kati ya nchi na nchi, zikasafiri kwenye masanduku zikakaa kwenye akiba za benki za Ulaya, na mwaka 1933 Rais Roosevelt alipoamuru watu warudishe dhahabu serikalini (sarafu adimu za wakusanyaji aliziruhusu zibaki, ila za kawaida nyingi zilirudishwa na kuyeyushwa) zile za Ulaya zilipona. Tangu hapo zinarudi kidogo kidogo. Kwahiyo unaweza kununua CC ya mwaka flani ukiambiwa zipo chache, alafu akiba moja ikafunguliwa ng'ambo zikatokea nyingine kumi nzuri kuliko yako. New Orleans dola 10 nazo ziko kwenye hatari hiyo hiyo kwa kiasi. Charlotte na Dahlonega zina unafuu, zilikuwa ndogo, zilizunguka vijijini, zikatumika zikalika, chache zilivuka bahari. Na kwa wale wanaojiuliza kama zilifika kwetu, meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilikuwa zinatia nanga Unguja miaka hiyo hiyo na zilileta merikani na kubeba pembe, mkataba na Sayyid Said ulikuwa wa 1833, lakini sokoni iliyotawala ilikuwa ile fedha ya Maria Theresa, kwahiyo usichimbe sana sanduku la bibi.

San Francisco naipitia haraka. Ina adimu za kutisha, dola 5 ya 1854 zilipigwa 268, zinajulikana nne, moja iliuzwa dola milioni 2.16 mwaka 2018. Lakini S nyingi ni za kawaida sana na ni njia nzuri ya mtu anayetaka dhahabu tu. Kuna zile za kwenye meli ya Central America iliyozama Septemba 1857 ikapatikana miaka ya 1980, dola 20 za 1857-S zilitoka chini ya bahari zikiwa mpya kabisa, zaidi ya elfu tano. Kisa kizuri, mng'ao mzuri, unalipia kisa. Hapo hamna uadimu, na sina ubaya nazo mradi muuzaji asiseme ni adimu.

Sasa hata ukishachagua kiwanda, nusu ya uamuzi bado. Sarafu mbili za mwaka mmoja, kiwanda kimoja, gredi moja (alama ya ubora) kwenye kasha la plastiki la kampuni ya kupima, zinaweza kuwa na tofauti ya bei kubwa tu kwasababu moja imeachwa kama ilivyo na nyingine imeoshwa. Dhahabu ya zamani ambayo haijaguswa ina uchafu wake kwenye kona za herufi na pembeni ya nyota, rangi imetulia, haikupigi machoni. Iliyooshwa inang'aa kote sawasawa kama bati jipya, na ukiigeuza kwenye taa unaona mistari midogo midogo. Wengi wetu tumelelewa kwamba dhahabu lazima ing'ae, ukienda kwa sonara kitu cha kwanza anakung'arishia, hapa ukifanya hivyo umeua sarafu. Nyingi za kusini zilishaoshwa zamani, ndo maana nasisitiza ukipata Dahlonega iliyolika, nywele zimefutika kidogo, lakini ngozi ni ya kwake mwenyewe, hiyo inashinda ile inayong'aa yenye gredi ya juu. Kampuni kubwa za kupima gredi ni PCGS na NGC, zinapima kwa 1 mpaka 70, na CAC nao wanabandika stika ya kijani kwa zile wanazoona ni imara kwa gredi yake, utalipa zaidi kwa stika ila utalala usingizi. Kasha likiandikwa kwamba sarafu ni halali lakini imesafishwa, halina namba ya gredi, bei yake inashuka sana, na hiyo sio lazima iwe mbaya kama ni mwaka ambao hela yako isingeufikia vinginevyo. Mimi kwa Charlotte ningekubali, kwa Carson City hapana, zipo nyingi kwanini nichukue iliyoharibiwa.

Feki. Dola 1 na dola 3 ndo zinaigizwa sana, ndogo na rahisi kutengeneza, na nyingi zina dhahabu halisi ndani kwahiyo kupima karati hakukusaidii. Mchezo wa pili ni kuchukua sarafu halali ya Philadelphia isiyo na herufi alafu kubandika C, D au CC. Kwahiyo jua herufi inakaa wapi: kwa nyingi iko nyuma chini ya tai, kwenye dola moja chini ya shada la majani, na dola 5 za Charlotte na Dahlonega za 1838 na 1839 herufi iko mbele juu ya mwaka. Angalia kwa lenzi mahali herufi inapokutana na uwanja wa sarafu, kukiwa na mstari au rangi tofauti, rudisha. Na makasha nayo yanaigizwa siku hizi, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni yenyewe ulinganishe picha na sarafu iliyo mbele yako, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Kununua dhahabu ya kusini ambayo haiko kwenye kasha lolote kwa mtu usiyemjua ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, sijali bei ilikuwa tamu kiasi gani.

Kuhusu kununua, minada mikubwa kama Heritage na Stack's Bowers inaongeza ada ya mnunuzi juu ya dau lako, mara nyingi karibu asilimia 20, hesabu hiyo kabla hujapandisha mkono. Kumbukumbu zao za mauzo ya nyuma zinasomwa bure mtandaoni ukishajiandikisha na hizo ndo bei za kweli, zile za kwenye vitabu ni matumaini tu. Ukiuza kwa faida hapa Marekani jua kodi ya vitu vya kukusanya inaweza kufika asilimia 28, sio ile ya hisa. Na kama mpango wako ni kurudi nayo nyumbani ukaiuze huko, fikiria mara mbili, sonara wa Kariakoo au wa Nairobi ataitia kwenye mzani, atakupa hela ya gramu nane na karati zake, herufi D haimuhusu. Kwa mtu wa mpango huo hata Dahlonega nimeshamfutia, achukue dola 20 ya kawaida ya Philadelphia au San Francisco, gramu 33, anaposimama popote inajulikana ni dhahabu.